Pampu ya grisi ya betri kwa matipa saba: ninunue ipi, na itafungua nipo iliyogoma?

TIPA SABA

Wakubwa, hamjambo. Mimi ni fundi wa yadi ya matipa huku Industrial Area, Nairobi, upande wa Lunga Lunga. Magari ni saba, yote Isuzu FVZ, yanabeba kokoto kutoka Mlolongo. Jumapili ndiyo siku yangu ya kupiga grisi, maana siku nyingine hakuna gari linaloingia yadini kabla ya saa mbili usiku. Kila tipa lina nipo 34, vile vichuchu vya chuma vya kuingizia grisi. Nimezihesabu kwa chaki, sikukisia. Mara saba ni 238, na kila moja hula mapigo sita au saba ya pampu ya mkono. Pigeni hesabu wenyewe. Nikifika gari la tano mkono wa kulia huwa si wangu tena. Jumapili iliyopita nilikaa mezani nikashindwa kumega ugali, mama watoto akanimegea. Alicheka kwanza, halafu ndiyo akanimegea.

Mwenye magari amekubali tununue ya betri, lakini kwa sharti: tunanunua mara moja, nikikosea ya pili itatoka mfukoni mwangu. Jumamosi nilizunguka Kirinyaga Road mchana kutwa. Kila duka lina jibu moja tu, presha ya psi elfu kumi. Nikiuliza mpira wa kupitishia grisi una urefu gani, psi elfu kumi. Nikiuliza inajazwaje, psi elfu kumi. Shemeji yangu yuko Minnesota, anakuja Desemba, anasema anaweza kuniletea DeWalt ya 20V kwa bei ya huko. Yadini tayari tuna impakti ya kufungulia nati, Makita ya 18V na betri zake mbili.

Naomba kujua, hiyo psi elfu kumi naihitaji kweli? Halafu sisi hatutumii katriji, yale makopo ya grisi ya kuchomeka kwenye pampu, tunanunua ndoo ya kilo 18. Ya betri itakubali ndoo? Na jambo linaloniumiza kichwa zaidi ni kingipini ya kushoto ya tipa la tatu, ile pini ambayo tairi la mbele hugeukia. Ina nipo ya chini ambayo haipitishi kitu. Nasukuma mpaka grisi inanirudia usoni. Nikipata pampu yenye nguvu, itafunguka?


KIJANA WA LIGHT INDUSTRIES

Buda nunua tu. Sisi huku Kariobangi tuko na ya volti 12, ndogo, hata kwa matatu za abiria 33 inatosha. Kwa tipa sijui, labda utabadilisha betri mara mbili mbili. Lakini usirudi kwa ile ya mkono, hiyo ni adhabu.


STIMA KIDOGO

Kabla hujamtuma shemeji, ngoja kwanza. Mimi natengeneza chaja na redio pale Luthuli, na kila Januari naletewa mzigo wa vitu vilivyoungua, zawadi za Krismasi kutoka Marekani. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 240. Chaja iliyoandikwa 120V peke yake ukiichomeka ukutani hapa haitakuonya. Italia mara moja, utanusa, basi. Geuza chaja usome mgongoni. Ikiwa imeandikwa kuanzia 100 hadi 240 utahitaji adapta ya plagi tu. Chaja nyingi za vifaa vya kazi kutoka kule hazijaandikwa hivyo. Kuna wanaotumia transfoma ya kushusha umeme. Inafanya kazi, ila ni tofali la kubeba kila mahali, na siku moja kijana wa yadi atalisahau achomeke moja kwa moja.

Tena usidhani 20V ina nguvu kuliko 18V. Ile 20V Max ya DeWalt ya Marekani na 18V XR inayouzwa nchi nyingine ni seli tano zilezile. Ikitoka kuchajiwa kila seli ina volti nne na kidogo, ikitulia kazini inakaa 3.6. Tano mara 3.6 ni 18. Tofauti ni maandishi ya boksi. Kwa hiyo akija na mashine bila chaja, chaja utainunua hapa. Lakini kwa nini ujitafutie familia mbili za betri katika yadi moja?


MZEE WA GEREJI

Tipa Saba, kijana wangu, hiyo hesabu ya chaki imenifurahisha. Fundi wengi ukiwauliza gari lina nipo ngapi wanakuangalia kana kwamba umewauliza idadi ya nywele zao. Nilianza kama utingo mwaka 1988 na mkono wangu wa kulia mpaka leo hauinuki vizuri kwenda rafu ya juu, kwa hiyo hapa nazungumza na mgonjwa mwenzangu.

Psi elfu kumi ni kama bar 690. Si uongo, lakini hicho ni kiwango cha juu, nguvu ambayo pampu inaweza kufikia ikigonga ukuta. Nipo iliyo wazi haiombi nguvu hiyo. Pampu husukuma kwa kadiri inavyozuiwa. Grisi ikipita vizuri, presha iko chini kabisa. Makita DGP180 ni elfu kumi, DeWalt ya 20V ni elfu kumi, Milwaukee M18 ni elfu kumi. Namba ikiwa moja kwa wote haikusaidii kuchagua. Ni kama kuchagua matatu kwa kuuliza kama ina usukani. Una betri mbili za Makita, nunua mwili wa Makita bila betri wala chaja, mjadala umekwisha. Jamaa wa Luthuli amesema kweli.

Angalia mpira na mdomo. Mpira wa hiyo Makita una mita 1.2, unatosha kulala chini ya FVZ mashine ikiwa imekaa sakafuni na wewe ukiwa umeshika mdomo tu. Usikubali mpira mfupi kwa sababu ya bei. Mdomo unaokuja nao mara nyingi ni ule wa kubonyeza, unaoshika nipo kwa meno yake. Kwa pampu ya mkono uliuvumilia. Kwa ya betri ukilegea kidogo tu, kabla hujaachia triga umeshamwaga kijiko kizima kwenye akseli. Nunua mdomo wa kukaza wenye shikio: unabana nipo, unaacha, mikono yako yote miwili iko huru. Huo ndio utakaokuokoa mgongo, kuliko hata betri.

Ndoo inakubalika. Unafungua silinda kutoka kwenye kichwa, unazamisha mdomo wa silinda ndani ya grisi, unavuta fimbo ya nyuma polepole ikijaa. Ukivuta kwa pupa unavuta hewa. Na hewa ndiyo maradhi ya pampu hizi: mota inazunguka, inaimba vizuri, hakuna kinachotoka, mtu anarudi dukani kusema ameuziwa mbovu. Legeza silinda mzunguko mmoja, bonyeza kitufe cha kutolea hewa, gusa triga kidogo kidogo mpaka itoke grisi isiyopasuka mapovu, kaza tena. Ukiwa na uwezo, nunua ile pampu ya kukaa juu ya ndoo, uwe unajazia kupitia tundu la kichwani bila kufungua chochote. Ndoo ya kilo 18 ni mijazo kama 45 ya gramu 400, na mchanga wa Mlolongo hautaingia humo kila Jumapili kama unavyoingia sasa. Usibishe, najua unaingia.

Sasa hiyo kingipini. Hapo kijana wangu naomba unisikilize. Nguvu si dawa ya njia iliyoziba. Toa nipo kabisa kwa spana. Ipachike kwenye mdomo wa pampu ikiwa mkononi, uelekeze kwenye ndoo ya taka, usukume. Ikigoma hapo, nipo ndiyo mbovu, ni kitu cha bei ya chai, tupa. Ikipitisha, basi kizuizi kiko ndani. Piga jeki chini ya akseli tairi liinuke hewani, zungusha usukani huku na huku, jaribu tena, kwa sababu pini iliyolaliwa na mzigo upande mmoja haiachi nafasi ya grisi kupita upande huo. Bado ikigoma, jaza dizeli kwenye tundu usiku kucha, asubuhi chokoa kwa waya. Bado? Fungua. Usije ukaweka psi elfu kumi hapo ukatoboa sili, halafu ukaja kutuambia imefunguka kwa sababu umeona grisi inatoka. Itakuwa inatokea mlango usiokuwa wake.

La mwisho, nalo hakuna duka litakalokuambia. Pampu ya mkono ilikuwa inazungumza na kiganja chako. Ulijua nipo hii imekubali, ile inakataa, bila kuangalia. Triga haisemi kitu. Itabidi uhamie masikioni. Mota ikipita vizuri inaimba, ikizuiwa sauti inashuka na kuwa nzito. Ikishuka, achia. Kwenye spaida za propela, yale maungio ya umbo la msalaba, angalia vikombe vyote vinne, grisi ya zamani itokee kwenye kila kimoja. Kile kimoja kinachokataa ndicho kitakachokulaza Mombasa Road na kokoto mgongoni. Kwenye viungo vya usukani vyenye kofia ya mpira, ukiona mpira umeanza kuvimba, tosha.


TIPA SABA

Mzee, asante sana. Nimenakili. Swali dogo, sisi hununua grisi nyekundu, lakini wiki hii duka lina ya bluu tu. Naweza kuchanganya?


MZEE WA GEREJI

Rangi ni rangi tu, watengenezaji hutia wapendavyo. Soma ubavuni mwa ndoo: imetengenezwa kwa sabuni gani, lithiamu au nyingine, na ugumu namba ngapi, kwa lori utataka namba 2. Lithiamu kwa lithiamu hakuna shida kubwa. Ukichanganya lithiamu na zile za udongo au za poliyurea, zinaweza kukataana zikawa maji, zikakutoroka. Kwa pini za bodi na za ramu ya hidroliki ukipata yenye molibdeni ni bora, pale chuma kinalala juu ya chuma bila kuzunguka. Ile nyeusi inayokataa kutoka kwenye kucha.


MAMA KINU

Samahani wanaume kwa kuingilia. Nina kinu cha posho Kawangware, mota ina beringi namba 6309, na fundi wangu huitia grisi mpaka inatapika. Mota inapata moto. Nikisema, ananiambia grisi haizidi. Nikiazima hiyo pampu ya betri nitaharibu?


MZEE WA GEREJI

Karibu mama, hujaingilia. Fundi wako anakuharibia. Kwenye pini ya lori grisi ikizidi inamwagika chini, hasara ni grisi. Kwenye beringi ya mota ikizidi inakorogwa, inazalisha joto, na ikipenya ndani inafika kwenye waya. Kuna hesabu ya kawaida: kipenyo cha nje cha beringi kwa milimita, mara upana wake, mara 0.005, unapata gramu. 6309 ni 100 kwa 25. Jibu ni gramu 12.5. Hiyo ndiyo dozi ya mara moja, na si ya kila wiki.

Kuiharibu kwa pampu ya betri inawezekana sana, kwa sababu sekunde chache tu umepita dozi. Pima kwanza. Weka karatasi kwenye mzani wa jikoni, bonyeza triga uhesabu moja, mbili, tatu mpaka kumi, tazama gramu. Kisha unajua sekunde moja ni kiasi gani. Na hakikisha beringi ina mahali pa kutolea grisi ya zamani, pafungue kabla. Kama beringi yako imefunikwa mpira pande zote mbili, usiiguse kabisa, hiyo imejazwa kiwandani.


SISTA WA ZAMU

Mume wangu ni dereva wa trela, ndiye aliyenionyesha mazungumzo haya. Mimi ni nesi wa kitengo cha dharura, sitasema wapi. Mnaongea presha kama maji ya bomba. Naomba niseme moja.

Kijana aliletwa kwetu kutoka gereji moja, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Alikuwa anafuta mdomo wa pampu kwa kidole, mwenzake akabonyeza triga. Tundu lilikuwa dogo kama la sindano, hakuna damu, hakuna maumivu ya kusema. Alimaliza kazi, akaenda nyumbani, akala, akalala. Alikuja asubuhi kidole kimevimba kama soseji na ni cheupe. Grisi ilikuwa imesafiri ndani mpaka kiganjani. Kitu kama hicho hakitoki kwa dawa ya kumeza wala kwa kukamua, ni upasuaji, na ni suala la saa chache. Yeye alichelewa. Kidole hakikubaki.

Kwa hiyo ikikupata, hata kama unaona aibu kwamba ni kitundu kidogo, nenda dharura saa hiyo hiyo, na sema neno hili mlangoni: grisi imeingia kwa presha. Usiseme nimejichoma. Ukisema umejichoma utafungwa bendeji na kurudishwa nyumbani. Na usishike mpira katikati kwa mkono mtupu wakati unasukuma. Ukipasuka hapo ulipoushika ni yale yale. Shika kwenye springi ya kinga, vaa glavu, ingawa glavu haizuii presha hiyo, inakukumbusha tu.


KIJANA WA LIGHT INDUSTRIES

Sista umeniharibia chakula. Mimi hufuta na kidole kila siku.


SISTA WA ZAMU

Kuanzia leo tumia kitambaa, na betri ikiwa imetolewa.


TIPA SABA

Nimerudi baada ya Jumapili tatu, nimeona si vizuri kuchukua ushauri na kunyamaza.

Tulinunua Makita, mwili peke yake, na mdomo wa kukaza. Shemeji nimemwambia aniletee viatu. Jumapili ya kwanza nilianza saa moja asubuhi na saa tano kasoro nilikuwa nanawa mikono, magari yote saba. Zamani muda huo niko gari la tatu. Betri moja haikumaliza kazi, nilibadilisha kwenye tipa la tano, ya kwanza ikaenda kwenye chaja, nikaendelea. Asubuhi hizi za Julai baridi inaifanya grisi kuwa kama sabuni ya mche, mota inalalamika, kwa hiyo ndoo nimeihamishia ndani ya kibanda cha mlinzi karibu na jiko lake. Mlinzi hajafurahi.

Lakini kuna mambo hamkuniambia, au mliniambia nikadhani nimeelewa. Triga ni tamu. Jumapili hiyo nilitumia grisi karibu mara mbili ya kawaida, na mwenye magari aliiona ndoo kabla hajaiona kazi. Nikaazima mzani wa mama watoto nikapima kama mzee alivyosema, sasa nahesabu kwa mdomo kila nipo, utingo wananicheka wanadhani nasali.

La pili ni hizi nipo zenyewe. Nilijisifu hapa kwamba ni 34. Kwa kuwa sasa nina muda, nilimwambia kijana aoshe chini ya tipa la sita kwa mashine ya maji kwanza. Tumekuta mbili zaidi, juu ya springi za nyuma, zimezikwa kwenye tope lililokauka kama saruji. Nipo zipo, na mimi miaka minne nasema hazipo. Magari mengine nayo yana hizo hizo. Kwa hiyo ni 36, na 14 kati ya nipo za yadi hii hazijawahi kuonja grisi tangu nianze kazi. Nne tumebadilisha pini.

Sasa kingipini ya tipa la tatu. Mzee, nilifuata moja baada ya nyingine. Nipo ilitoka, ikapitisha vizuri mkononi, nzima kabisa. Nikainua akseli, nikazungusha usukani, hakuna. Dizeli usiku kucha, hakuna. Nikiweka pampu sauti inashuka papo hapo kama umegonga ukuta, nikaachia kama ulivyosema. Jumatano gari lilikosa mzigo, tukafungua. Bushi ya chini, ile pete ya shaba inayozunguka pini, imepigwa kombo, tundu lake la grisi halikukaa mbele ya nipo, limegeukia upande mwingine kabisa. Nipo inasukuma kwenye shaba tupu. Elfu kumi, elfu ishirini, isingepita. Pini imekwanguka upande mmoja, unaingiza ukucha.

Nilianza kumtukana kwa sauti fundi aliyeipiga. Utingo wawili walikuwa wamesimama hapo wanasikiliza kwa furaha. Halafu nikakumbuka ni Agosti mwaka jana, ilikuwa usiku, mvua, tochi ya simu, gari linatakiwa Mlolongo saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa mimi.


MZEE WA GEREJI

Sote tumepiga bushi za usiku. Hiyo mpya uliitia alama ya chaki?


TIPA SABA

Mara mbili, mzee. Na nikapitisha waya kupitia tundu la nipo kabla ya kuingiza pini.


MAMA KINU

Na mimi bado nasubiri kuazima.


TIPA SABA

Mama, Jumatatu pampu haina kazi, njoo uichukue uende nayo. Uje na mzani wako lakini. Wetu umerudi jikoni na nimeambiwa usitoke tena.